Ununue prosesa sasa au usubiri kizazi kijacho? Machaguo matano, tukianza na lililo bora

Kizazi kipya cha prosesa kikikaribia, tetesi hutangulia. Leo utasikia kasi itaongezeka kwa asilimia 30, kesho 40, keshokutwa viini (sehemu za prosesa zinazofanya kazi ya hesabu) maradufu. Anayetaka kujenga kompyuta ya mezani hubaki njia panda, akihofia kwamba atakachonunua leo kitapitwa baada ya miezi michache. Tetesi nyingi, hata zikija kuwa kweli, hazitoshi kumzuia mtu ambaye kompyuta yake inamchelewesha leo. Ili ulione hilo mwenyewe, fanya hesabu kidogo kabla ya kufika kwenye orodha.

Asilimia wanazozitaja zina nini ndani

Kasi ya kiini kimoja hutokana na vitu viwili vinavyozidishwa: kazi inayokamilika kwa kila mpigo wa saa ya prosesa, ambayo huitwa IPC, na idadi ya mipigo kwa sekunde, yaani GHz. Tetesi nyingi hutaja kimoja na kunyamazia cha pili.

Tazama Zen 4, muundo wa prosesa za Ryzen za AMD, uliotoka Septemba 2022. Kampuni ilitangaza ongezeko la IPC la asilimia 13, namba isiyomtetemesha mtu. Lakini Ryzen 9 5950X ya kizazi kilichotangulia ilikuwa ikifika GHz 4.9, na 7950X ikafika 5.7, yaani asilimia 16 zaidi. Zidisha 1.13 kwa 1.16 upate 1.31, AMD yenyewe ilitangaza asilimia 29 kwa kazi za kiini kimoja. Agosti 2024 ikaja Zen 5 na IPC ya asilimia 16, kubwa kuliko ile 13. Mbona wanunuzi wengi walivunjika moyo? Kwa sababu 9950X ilibaki GHz 5.7 zilezile. Hakukuwa na cha kuzidisha.

Hata hiyo 16 ni wastani. Katika orodha ya AMD yenyewe, ongezeko lilianzia asilimia 10 kwenye gemu la Far Cry 6 na kufika 35 kwenye jaribio la usimbaji la AES-XTS la Geekbench, programu ya kupima kasi. Kama kazi yako ni gemu, namba yako huenda ikawa karibu na ile ya chini. Tetesi ikikuletea tokeo moja la Geekbench, uliza kwanza ni kipengele gani kilichopanda.

Mtego mwingine uko kwenye neno moja dogo: "au". TSMC, kampuni inayotengeneza chipu, inaposema teknolojia yake ya N2 inaongeza kasi kwa asilimia 10 hadi 15 ikilinganishwa na N3E iliyoitangulia, inamaanisha kwa umeme uleule. Au umeme upungue kwa asilimia 25 hadi 30 kwa kasi ileile. Wanaosambaza tetesi huvijumlisha vyote viwili. Mtengenezaji wa prosesa huchagua kimoja, au kidogo cha hiki na kidogo cha kile.

Kuhusu viini, chukua programu ambayo asilimia 80 ya kazi yake inagawanyika. Kwa viini 8 inakwenda mara 3.3 ya kasi ya kiini kimoja. Kwa 16, mara 4. Umeongeza viini mara mbili na kupata asilimia 20. Tetesi za Nova Lake, kizazi kijacho cha prosesa za Intel, zinataja viini 52. Kwa programu hiyo hiyo, kutoka viini 24 hadi 52 ni ongezeko la takriban asilimia 8, hata tukichukulia viini vyote kuwa sawa, na kwa Intel haviko sawa. Anayerenda picha za 3D au kukompaili miradi mikubwa atafaidi zaidi ya hapo, kwa kuwa kazi zake hugawanyika karibu zote. Mcheza gemu hatafaidi.

Gharama ya kusubiri

Tuseme kurenda video moja kunakuchukua dakika 60, na prosesa iliyopo sokoni leo ina kasi ya asilimia 50 zaidi ya yako. Ukiinunua, kazi hiyo itachukua dakika 40. Ijayo, ikiongeza asilimia 15 juu ya hiyo, itachukua karibu dakika 35. Kwa hiyo ukisubiri mwaka mzima unapoteza dakika 20 kwa kila video, ili baadaye uokoe 5 kwa kila video. Itakuchukua karibu miaka minne kurudisha muda ulioupoteza, na kufikia hapo kutakuwa na kizazi kingine cha kusubiri.

Hiyo asilimia 50 si ya kubuni. Ukitoka Ryzen 7 5800X (GHz 4.7) kwenda 9700X (GHz 5.5), hesabu ni 1.13 (IPC ya Zen 4) × 1.16 (IPC ya Zen 5) × 1.17 (GHz), karibu 1.53. Ndiyo maana ushauri wetu kwa walio wengi ni kuruka vizazi viwili au vitatu, kisha kununua kilichopo.

Kwanza hakikisha tatizo ni prosesa

Kwa gemu, shusha ubora wa picha kutoka 1440p au 4K hadi 720p. Fremu zikipanda sana, kilichokuwa kikikubana ni kadi ya grafiki. Prosesa mpya haitabadilisha kitu. Zikibaki palepale, prosesa ndiyo inayobana. Kwa programu za kazi, fungua Task Manager, ubadilishe grafu ya CPU (yaani prosesa) ionyeshe kila uzi (njia moja ya kazi; kiini kimoja mara nyingi kina mbili) peke yake. Kwenye prosesa ya nyuzi 16, uzi mmoja uliojaa pomoni huonekana kama asilimia 6 tu kwenye grafu ya jumla, na mtu akaamini prosesa yake imelala.

Baada ya hapo, orodha yetu.

1. Kubadilisha prosesa tu, kwenye ubao mama ulionao

Hili ndilo chaguo bora kwa mwenye soketi (mahali prosesa inapochomekwa kwenye ubao) ya AMD ya AM4 au AM5, na halijapata sifa linazostahili. AM4 ilipokea Ryzen za kwanza mwaka 2017, na ubao wa miaka hiyo, ukipata BIOS (programu ya msingi ya ubao) inayofaa, mara nyingi unapokea Ryzen 7 5800X3D ya 2022 au 5700X3D ya 2024. Zote mbili zina kashe ya L3 ya MB 96, na kwenye gemu kashe hiyo hufanya kazi ambayo GHz peke yake haziwezi: data inakaa karibu na viini badala ya kufuatwa kwenye RAM kila mara. RAM yako ya DDR4 inabaki, ubao unabaki, na kwa kawaida kisambaza umeme (PSU) kinabaki. Mpya zimekuwa adimu, kwa hiyo huenda ukanunua iliyotumika.

Utaratibu ni huu. Fungua ukurasa wa ubao wako kwa mtengenezaji, utafute orodha ya prosesa zinazokubalika na toleo la BIOS linalotakiwa. Sasisha BIOS ukiwa bado na prosesa ya zamani, umeme usikatike katikati. Baadhi ya bao za mwanzo zina chipu ya BIOS ya MB 16 tu, na toleo jipya hufuta uwezo wa kutambua prosesa za zamani sana; usisasishe kabla prosesa mpya haijafika mkononi. Kama diski imefungwa kwa BitLocker (usimbaji wa Windows), nakili ufunguo wa kuirejesha kabla ya kugusa chochote, kwa sababu kubadilisha prosesa hubadilisha fTPM (hifadhi ya funguo za usalama iliyo kwenye prosesa) na Windows itaudai ufunguo huo ikiwaka.

Wengi huharibu prosesa wakati wa kutoa kipozeo. Prosesa ya AM4 ina pini chini yake, na pasta ya joto iliyokauka huishika kama gundi. Ukivuta kipozeo juu moja kwa moja, prosesa hung'oka nacho ikiwa bado imefungwa, na pini hupinda. Iendeshe kompyuta kwa dakika kumi kwenye kazi nzito ili pasta ilainike, izime, chomoa waya wa umeme, kisha zungusha kipozeo kidogo kushoto na kulia hadi kilegee ndipo ukiinue. Kwenye AM5 tatizo hili halipo, maana pini ziko kwenye soketi na fremu ya chuma huishikilia prosesa.

2. Kizazi cha sasa, kwenye soketi yenye maisha mbele

Kama unaanza upya, AM5 ndiyo tunayoipa nafasi hii, kwa sababu AMD imeahidi kuitegemeza hadi 2027 na zaidi. Hiyo ina maana kwamba unaponunua leo hufungi mlango wa kesho. Ryzen 5 9600X yenye viini 6 inatosha kwa ofisi na gemu za kawaida. 9700X yenye viini 8 ni kwa anayechanganya gemu na kuhariri video. Na 9800X3D, iliyotoka Novemba 2024, ni kwa ambaye gemu ndilo jambo lake kuu na tayari ana kadi ya grafiki kali. Bila kadi kali, pesa ya tofauti iende kwenye kadi.

RAM iwe vijiti viwili vya DDR5-6000, na uwashe EXPO (mpangilio wa kasi kamili ya RAM) kwenye BIOS, la sivyo itafanya kazi kwa kasi ya chini bila kukuambia. Usijaze nafasi zote nne: kwa vijiti vinne kasi rasmi hushuka hadi 3600. Ukiwasha mara ya kwanza, skrini inaweza kubaki nyeusi kwa dakika kadhaa wakati ubao unajifunza RAM. Subiri. Wengi huizima katikati, mchakato ukaanza upya, wakadhani ubao ni mbovu.

Ubao wa AM5 wenye chipseti ya B650 unatosha karibu kwa kila mtu.

3. Kizazi kilichopita, bei yake ikishashuka

Hapa ndipo tetesi zina faida ya kweli: kizazi kipya kikitoka, waliokuwa nacho dukani cha zamani hukipunguza bei. Ryzen 7 7700X na 9700X zinatofautiana kidogo mno kwenye gemu, na zote zinaingia soketi moja. Prosesa za X3D, zile zenye kashe kubwa, ni tofauti. Zikiacha kutengenezwa bei hupanda badala ya kushuka, kwa hiyo usizivizie mpaka mwisho.

Kuhusu Intel Core za kizazi cha 13 na 14 zilizotumika, hasa i7 na i9, kuwa mwangalifu sana. Zilikuwa na kasoro ya volti kupanda kupita kiasi, na uharibifu ukishatokea ndani ya silikoni hautibiki kwa programu. Intel ilitoa maikrokodi (sasisho la programu ya ndani ya prosesa, linalokuja kupitia BIOS) 0x129 Agosti 2024 na 0x12B Septemba mwaka huo, na kuongeza dhamana kwa miaka miwili. Muulize muuzaji BIOS yake ilisasishwa lini. Dalili za iliyokwisha kuharibika ni gemu kujifunga zinapoandaa shader (programu ndogo za kuchora picha), na mafaili makubwa kushindwa kufunguliwa kwa kosa lisilotabirika. Kama muuzaji hawezi kukuonyesha dhamana iliyo hai, iache.

4. Kusubiri prosesa iliyokwisha tangazwa na tarehe yake

Inafaa kama zimebaki wiki, si miezi, na kompyuta yako bado inakidhi. Lakini hesabu mwezi mmoja zaidi baada ya kutoka. Zen 5 ilipofika, Windows ilihitaji sasisho la jinsi inavyoshughulikia utabiri wa matawi (prosesa kubahatisha mapema hatua itakayofuata) ndipo kasi kamili ionekane, na 9700X ikapata hali ya wati 105 kupitia BIOS iliyokuja baadaye. Anayenunua siku ya kwanza hulipa bei ya juu kabisa kwa programu ambayo haijakomaa.

Na usidhani mpya lazima iwe na kasi zaidi. Core i9-11900K ya 2021 ilikuwa na viini 8 wakati 10900K kabla yake ilikuwa na 10, ikashindwa kwenye kazi za viini vingi. Core Ultra 9 285K ya Oktoba 2024 ilitumia umeme mdogo zaidi, lakini kwenye gemu nyingi ilibaki nyuma ya 14900K. Sababu moja ni kidhibiti cha RAM kuhamishiwa kigae (kipande cha chipu) tofauti na viini, hivyo data ikachelewa kufika.

5. Kusubiri kizazi ambacho bado ni tetesi

Tunaliweka mwisho bila kusita. Intel imesema Nova Lake ni ya mwishoni mwa 2026. Tetesi zinaipa soketi mpya, kwa hiyo mwenye LGA1851 (soketi ya Core Ultra 9 285K) asipange bajeti akiamini ataichomeka kwenye ubao wake. Kwa upande wa AMD, tetesi za Zen 6 zinataja viini 12 kwa kila chipu badala ya 8. Hilo likithibitika litawafaa wenye kazi za viini vingi, na aliyenunua chaguo la 2 anaweza kuja kunufaika bila kubadilisha ubao.

Sampuli za majaribio zinazovuja huwa na GHz za chini na BIOS changa, hivyo matokeo yake hayaaminiki kwenda juu wala chini. Kama bado umeamua kusubiri, nunua sasa vile ambavyo vitahamia kompyuta mpya: SSD ya NVMe, kisambaza umeme (PSU) chenye wati za akiba, na kipozeo ambacho mtengenezaji wake hutoa vishikizo vya soketi mpya. RAM iache hadi mwisho.