Nimenunua nyumba Kabale: hita hii ya zamani ya sola, niing'oe?

Watazamaji wangu, wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Leo niko juu ya mabati, Kabale, na upepo mnausikia kwenye maiki, mnivumilie. Nyumba tumekabidhiwa wiki mbili zilizopita. Huku si Kampala, jamani. Tuko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi maji ya bomba yanauma hadi kwenye mifupa.

Hita yenyewe ndiyo hii: tangi la lita 200, tyubu 20 za kioo. Sola inavyopasha maji mnajua, sirudii. Maji yalikuwa yanatoka vuguvugu, nikaita watu wa duka moja. Aliyekuja aliitazama akiwa chini uani, hata ngazi hakuomba! "Bosi, hii imekufa. Toa milioni tatu na nusu tukuwekee mpya." Ndugu zangu, hilo limeniudhi sana.

Sogeza kamera hapa, kwenye ncha ya chini ya tyubu. Mnaona inavyong'aa rangi ya fedha? Hiyo ni bariamu, aina ya metali iliyopakwa kwa ndani. Tyubu ina kuta mbili za kioo, na katikati yake hewa imenyonywa yote, ndiyo maana joto halitoroki. Sasa njoo hii ya saba. Nyeupe, kama imepakwa chokaa! Hewa ikishaingia, bariamu hugeuka hivyo. Na saa hizi ni saa saba mchana, jua kali: naweka kiganja kwenye nzima... baridi kabisa, na ndani maji yanaunguza! Hii nyeupe, lo, gusa uone, joto lote linavujia nje. Na usiku ndiyo hasara zaidi, maana inapoza hata maji yaliyokwisha kupata moto. Hesabu nami: ya saba, ya kumi na moja, ya kumi na mbili, ya ishirini. Nne! Kwa tyubu nne mtu anataka nitupe hita nzima.

Najua mtaniuliza mbona nisiweke ya umeme tu. Kupasha lita 200 kutoka nyuzi 18 hadi 55 ni yuniti 8 na nusu hivi. Kampuni ya Umeme imeondoka, UEDCL ya serikali imeingia kusambaza umeme, lakini Yaka, yaani umeme wa kulipia kabla, utanunua vilevile. Zile sola za bapa nazipenda, mvua ya mawe haizitishi sana, ila kwa baridi ya huku hupoteza joto kuliko tyubu.

Kitu kimoja tu kingenibadilisha mawazo: tangi. Nimepitisha mkono chini yake kote, pakavu, hakuna mchirizi wa kutu. Lingekuwa linavuja, ningeling'oa leo hii.

Tyubu nimezipata Kampala, shilingi 60,000 kila moja, zimekuja kwa basi zimeviringishwa kwenye blanketi na zote nne zimefika salama. Fundi anakuja kesho saa kumi na mbili asubuhi, jua halijapiga, kwa sababu tyubu tupu iliyoota jua ukiitia maji baridi inapasuka papo hapo. Nitarekodi kazi yote. Kwa hiyo ile video ya betri niliyowaahidi Ijumaa itasogea hadi Jumapili, mniwie radhi. Na wewe mwenye hita kama hii, panda leo ukatazame ncha zako, uniandikie hapo chini umekuta nyeupe ngapi.