Mbavu za mbuzi zisipoe: ununue deli, hotpoti au chefindishi?

Mbavu za mbuzi zikitoka motoni hazisubiri. Mafuta ya mbuzi huganda upesi, na yakishaganda hushika kaakaa hadi mlaji anaomba maji ya moto. Nimechoma kwenye kipaimara na sherehe nyingi za nyumbani, na karibu kila mara wageni wa saa saba wamefika saa tisa. Kwa hiyo chombo cha kutunzia joto nakihesabu sawa na mkaa: lazima kiwepo.

Chaguo langu la kwanza ni deli gumu, kuli boksi kama wengine wanavyoliita, lile lile la barafu. Kati ya kuta zake kuna povu linalozuia joto kupita, liwe la kuingia au la kutoka. Dukani usiangalie rangi. Bonyeza kuta uone kama ni nene, funga kifuniko kisha ukivute: kikicheza, liache. Angalia pia urefu, ubavu mzima ulale bila kukatwa, maana ukiukata mapema maji ya nyama yanatoka na joto linakwenda nayo. Yale meupe mepesi ya povu tupu usiyanunue kwa kazi hii, hayapendi joto kali.

Kabla ya kupakia, mimina humo maji ya moto yasiyochemka, funga kwa dakika 20 hadi 30, mwaga, kausha. Zungushia kila ubavu foili mara mbili, tandika taulo nene chini na juu, jaza nafasi iliyobaki kwa taulo nyingine. Nyama iliyoingia ikiwa moto kabisa hukaa vizuri kama saa tatu. Ganda litalainika, kwa hiyo irudishe kwenye mkaa dakika mbili tatu kila upande kabla ya kukata. Na deli la samaki libaki la samaki.

Ya pili ni hotpoti kubwa yenye chuma cha pua ndani. Kwa familia ya watu watano au sita inatosha kabisa, na karibu kila nyumba inayo tayari. Shida yake ni mvuke: unagonga kifuniko na kudondokea nyama. Weka kitambaa safi juu ya nyama kabla ya kufunika. Mbavu itabidi uzikate, basi zikate vipande vikubwa.

Chefindishi, ile sinia ya chuma yenye kifuniko inayokaa juu ya trei la maji ya moto, naiweka ya tatu, ingawa kwenye harusi yenye foleni ndefu hakuna mbadala wake. Vikopo vya jeli ya kuwashia moto vikiwaka chini ya trei hilo la maji, joto halikatiki. Lakini inatunza tu chakula kilicho moto, haipashi kilichopoa, na kila kifuniko kinapofunguliwa nyama inazidi kukauka. Kukodi kuna maana kuliko kununua, kama huna kazi ya upishi.

Oveni usinunue kwa sababu hii tu. Kama unayo, nyuzi 80 zinatosha, nyama ikiwa ndani ya foili.

Chenji ikibaki, chukua kipimajoto cha nyama. Nyama isishuke chini ya nyuzi 60, maana hapo vijidudu huanza kuzaliana. Ikishashuka na kukaa hivyo zaidi ya saa mbili, usimpe mgeni.