Sanduku la Kujaribia Roboti Ndogo za Mapambano: Lipi la Kununua, Lipi la Kuacha

Anayeunda roboti ya mapambano yenye silaha inayozunguka hulazimika kuiwasha silaha hiyo mara nyingi kabla ya siku ya shindano, na kila anapoiwasha anahitaji kizuizi imara kati yake na chuma hicho. Udogo wa roboti usimdanganye. Upau wa chuma wa gramu 250 wenye urefu wa sentimita 18, unaoweza kufungwa kwenye roboti ya daraja la pauni 3 (kilo 1.36) la Marekani, ukizunguka mara 10,000 kwa dakika hubeba nishati ya jouli 370 hivi, na ncha zake hukimbia zaidi ya mita 90 kwa sekunde. Mwendo ukiongezeka maradufu, nishati huwa mara nne.

Nafasi ya kwanza ni ya sanduku la plaiwudi lenye dirisha moja tu la polikaboneti, plastiki angavu isiyovunjika kirahisi, iwe nzima, isiyo na uwazi ndani. Hapa ni mahali pa majaribio, si ulingo wa watazamaji, kwa hiyo kuta nne za kuonea ni fedha iliyopotea. Kwa roboti za kuanzia gramu 150, daraja dogo la Uingereza, hadi pauni 1, ningechagua plaiwudi ya milimita 18 na dirisha la milimita 6. Kwa zile za pauni 3, plaiwudi iwe mbili zilizobanwa pamoja, upande wa ndani chini, ambako vipande hugonga zaidi, uvishwe bati la chuma la milimita 2, na dirisha liwe la milimita 10 hadi 12. Mfuniko usiwe dhaifu kuliko kuta, kwa sababu silaha inayozunguka wima hurusha vitu juu. Uwe na bawaba imara na makomeo mawili.

Fremu ya chuma iliyochomelewa na kuzungushiwa polikaboneti pande zote nimeiweka ya pili. Inafaa klabu au shule yenye wanafunzi wengi wa kutazama, lakini sehemu kubwa ya bei ni plastiki hiyo. Mwambie fundi atoboe matundu mapana kidogo kuliko boliti, mbali na ukingo, kwa kuwa polikaboneti hutanuka kwa joto kuliko chuma, na atumie washa (pete bapa za boliti) pana bila kukaza kupita kiasi. Gundi ya kuzuia nati isilegee isiguse polikaboneti kamwe, kwani huipasua. Vivyo hivyo thina. Sabuni na maji vinatosha kuisafishia.

Kabati la chuma lililokwisha kutumika, likiwa na kamera ndani, ni la tatu na ni la bei rahisi. Bati lake huwa jembamba, hivyo libaki kwa roboti za gramu 150. Tena, chuma kilichozunguka pande zote hudhoofisha mawimbi ya rimoti, kwa hiyo hakikisha kwanza kwamba roboti huzima silaha yenyewe mawasiliano yanapokatika.

Vya kuacha ni kioo, wavu, unaopitisha skrubu iliyong'oka, na akriliki, ile plastiki ya mabango, ambayo hufanana sana na polikaboneti lakini ikigongwa huvunjika vipande vyenye makali. Omba kipande kilichobaki dukani ukikunje: polikaboneti hupinda, akriliki hukatika. Karatasi za polikaboneti za kuezekea vibaraza, zinazouzwa Dar es Salaam na Nairobi, nyingi zina uwazi katikati. Jina ni lile lile, ila kinga ni ngozi mbili nyembamba tu.

Bajeti ibakize ndoo ya mchanga mkavu kwa ajili ya betri ya lithiamu iliyotobolewa, na ndoo hiyo ikae nje ya sanduku, karibu na mlango. Dirisha likionyesha ufa mdogo kandokando ya tundu la boliti, libadilishwe kabla ya jaribio linalofuata. Kuligeuza upande hakulirudishii nguvu.