Seti za filamu za wapenzi wa Hollywood: ipi ununue kwanza

Tafuta majina ya waigizaji wa zamani Humphrey Bogart na Lauren Bacall kwenye duka lolote kubwa la mtandaoni, utaletewa seti tatu nne zenye sura zilezile jaladani, bei zinapishana, na ukifungua kila moja unakuta ubora tofauti kabisa. Ndivyo ilivyo hata kwa Spencer Tracy na Katharine Hepburn, na kwa Elizabeth Taylor na Richard Burton. Watu wengi hununua kwa kuangalia jalada. Mimi naomba uanze kwa kusoma orodha ya filamu nyuma ya kasha.

Seti ya wapenzi ina thamani pale inapokuwa kamili. Filamu moja moja utazipata popote, lakini raha ya kuwatazama watu wawili wakikutana, wakizoeana, wakizeeka pamoja mbele ya kamera, hiyo haipatikani ikiwa nusu ya filamu zimeachwa nje. Nimezipanga hivi kwa kigezo hicho kwanza, ubora wa picha baadaye.

Ya kwanza: Tracy na Hepburn, seti ya kampuni ya filamu ya Warner ya mwaka 2011, inayoitwa "The Definitive Collection"

Hii ni DVD, si Blu-ray, diski yenye picha safi zaidi, na bado naiweka juu. Filamu zote tisa walizocheza pamoja zimo, kuanzia 1942 hadi 1967. Si jambo dogo, maana filamu hizo zilitengenezwa na kampuni nne tofauti, na nyingine zilikuwa hazijawahi kutoka kwenye DVD kabla ya hapo.

Anza na "Woman of the Year" ya 1942, ndipo walipokutana kikazi. Yeye Tracy ni mwandishi wa michezo, Hepburn ni mwandishi wa siasa wa gazeti hilohilo. Kisha usikimbilie ya mwisho. Pitia "Adam's Rib" ya 1949, mume na mke wote mawakili, kila mmoja upande wake kwenye kesi moja. Kuna sehemu Hepburn anamhoji mshitakiwa, anayechezwa na Judy Holliday, kamera imetulia palepale dakika kadhaa bila kukata. Hepburn amekaa pembeni, amemwachia mwenzake meza yote. Nyota mkubwa kumpisha mgeni namna ile, ni somo kwa waigizaji wetu. Na "Desk Set" ya 1957 ina wafanyakazi wa ofisi ya utafiti wanaoogopa kompyuta isije ikawanyang'anya kazi. Ukiitazama leo utadhani imeandikwa juzi.

Halafu ndiyo uweke "Guess Who's Coming to Dinner". Tracy alikuwa mgonjwa sana, akiigiza saa chache tu kwa siku. Alifariki tarehe 10 Juni 1967, siku 17 baada ya kumaliza sehemu yake ya mwisho. Katika hotuba ya kufunga filamu anazungumzia mapenzi yake kwa mkewe, na Hepburn yuko nyuma yake, macho yamejaa machozi. Mtu aliyetazama nane za mwanzo anajua machozi yale yametoka wapi. Hepburn alipata Oscar kwa filamu hiyo, na alisema hakuwahi kuitazama.

Ya pili: Bogart na Bacall kwenye Blu-ray

Walicheza filamu nne tu pamoja, kati ya 1944 na 1948. Warner Archive, tawi la Warner la filamu za zamani, ilizitoa zote kwa Blu-ray mwaka 2016, moja moja, na baadaye zikauzwa pia kama seti ya diski nne. Kwa picha safi, hakuna katika orodha hii inayoikaribia. Kama una deki ya Blu-ray na bajeti ya seti moja tu, na huna subira ya filamu tisa, chukua hii.

Katika "To Have and Have Not" Bacall ana miaka 19, Bogart ana 44. Binti alikuwa anatetemeka kwa woga hata kichwa kinacheza, akagundua kwamba akikibana kidevu chini na kuinua macho kinatulia. Ule mtazamo uliompa jina ulizaliwa hapo. Kwenye Blu-ray unaona kidevu kinavyoshuka kabla hajasema neno.

Diski ya "The Big Sleep" ina matoleo mawili: lile la 1945 lililoonyeshwa kwa wanajeshi wa Marekani, na la 1946 lililokwenda kwenye majumba ya sinema baada ya kuongezewa sehemu za Bacall. La 1945 linaeleweka zaidi kisa chake. La 1946 lina yale mazungumzo yao ya farasi wa mashindano, ambayo si ya farasi hata kidogo. Hakikisha unayonunua ina yote mawili.

Ya tatu: Taylor na Burton, seti ya DVD ya 2006

Walicheza filamu kumi na moja, humu zimo nne. "Cleopatra", ambako mapenzi yao yalianzia, haimo. "The Taming of the Shrew" haimo. Ndiyo sababu naishusha. "Who's Afraid of Virginia Woolf?" ni kazi kubwa kweli, lakini inapatikana peke yake kwenye Blu-ray, inunue hivyo. "The Comedians" inavutia kwa jambo moja: kisa ni cha Haiti chini ya dikteta Duvalier, ila ilipigwa picha Dahomey, ambayo leo ni Benin.

Ya kuiacha: Bogart na Bacall, DVD za 2006

Filamu nne zote zimo na bei yake inashawishi. Lakini Warner yenyewe ilikiri mwaka 2025 kwamba baadhi ya DVD zake zilizotengenezwa kati ya 2006 na 2008 zinaharibika. Tahadhari hiyo inaihusu pia seti ya Taylor na Burton hapo juu. Ukinunua diski za miaka hiyo, zitazame zote hadi mwisho kabla muda wa kurudisha haujaisha, maana diski inaweza kung'aa vizuri na bado ikagoma katikati.

Sasa suala la kanda, yaani sehemu za dunia ambazo kila diski imetengenezewa. Seti yangu ya kwanza ililetwa na binamu kutoka Marekani. Tumekaa sebuleni, mama kashavaa miwani, deki ikaandika kwamba diski si ya kanda yetu. DVD za Marekani ni kanda namba 1, Tanzania na Kenya tuko namba 5. Kwa Blu-ray, sisi ni kanda B pamoja na Ulaya, Marekani ni A. Blu-ray za Warner Archive kwa kawaida hazifungwi kanda, ila DVD zinahitaji deki inayosoma kanda zote. Muulize muuzaji wa deki, na uijaribu na diski ya Marekani palepale dukani.

DVD za Uingereza nazo zina lake: filamu huenda kasi kwa asilimia 4, ya dakika 100 inaisha kwa 96, na sauti zinapanda kidogo. Kwa Bacall hilo silikubali. Sauti yake nzito ni nusu ya utamu.

Maandishi ya Kiswahili chini ya picha usiyatarajie kwenye yoyote kati ya hizi.

Ukishaagiza, ongeza "The African Queen" ya 1951. Hapo Bogart yuko na Hepburn, kila mmoja bila mwenzi wake wa kawaida, lakini Bacall alifuatana na mumewe hadi Kongo na Uganda ilikopigwa. Kisa ni cha Afrika Mashariki ya Wajerumani mwaka 1914, na meli ya kivita ndani yake huhusishwa na Graf von Götzen, ambayo sisi tunaijua kwa jina la Liemba, ya Ziwa Tanganyika. Bogart alipata Oscar yake pekee kwa filamu hii. Tafuta Blu-ray iliyosafishwa ya 2010. Inauzwa peke yake.