The Bluest Eye ya Toni Morrison: wanaoremba maarusi wakisome hiki kitabu

Mkiniuliza kama kinafaa kununuliwa, jibu natoa mapema, kinunueni mkisome. Mimi kazi yangu ni kuremba maarusi, hina, piko, kusinga, mekapu, na kwa kazi hii nimekaa na wasichana wengi wa Mombasa ile wiki yao ya mwisho kwa mama zao, kwa hivyo nikisema hii riwaya inatuhusu sisemi kwa kudhania. Nayajua maneno yanayosemwa chumbani mlango ukishafungwa. Mtoe mweupe kidogo mwanangu. Hiyo mikono utaifanyaje, hina haitaonekana hapo. Na biarusi mwenyewe amekaa pale kimya anasikia, tena wanaosema ni watu wanaompenda kwelikweli, ndio wamechanga pesa, ndio wamekesha jikoni kwa ajili yake.

Kitabu kinaongelea hapo hapo.

Kwa asiyekijua, ni riwaya ya kwanza ya Toni Morrison, ilitoka 1970, na wakati anaiandika alikuwa mhariri wa vitabu na analea wanawe wawili peke yake. Mwaka 1993 akapewa Nobel ya fasihi, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata. Hadithi ameiweka Lorain, Ohio, mji aliozaliwa mwenyewe, mwaka 1941. Kuna mtoto wa miaka 11 anaitwa Pecola Breedlove, mweusi, maskini, shuleni wanamwambia mbaya na nyumbani hakuna wa kumwambia vingine, basi kila usiku anamuomba Mungu kitu kimoja tu, macho ya buluu. Anaamini akiyapata hata wazazi wake wataona haya kupigana mbele yake. Na hili wazo Morrison hakulitunga hewani, alilipata kwa msichana waliyesoma naye utotoni aliyemwambia kweli kwamba anataka macho hayo.

Mtu akikifungua akitarajia habari za mzungu katili na mtoto mweusi anayeteswa atashangaa, manake wazungu mle ndani ni wachache. Wanaomuumiza Pecola ni wa kwao. Kuna pahali mama yake Pauline anafanya kazi kwa nyumba ya wazungu, Pecola anaingia jikoni anaangusha pai ya moto inammwagikia miguuni, na mama anampiga, anamfukuza, halafu anageuka kumbembeleza yule mtoto wa kizungu anayelia kwa kuchafuka nguo, anamwambia kwa sauti laini atampikia nyingine. Kile kitoto cha kizungu kinamuita Polly. Pecola mtoto wake wa kumzaa anamuita Bi Breedlove. Nilifunga kitabu hapo nikatoka nje kwa baraza kwanza, nilishindwa kuendelea.

Lakini Morrison hamwachi huyo mama awe shetani tu, anaturudisha nyuma tuone ilivyoanza. Pauline ni mwanamke mpweke mji mgeni, anaenda sinema peke yake, huko ndiko anafundishwa urembo ni nini, anajifunga nywele kama Jean Harlow, nyota wa sinema wa kizungu, siku moja yuko mle mle ndani anakula peremende jino la mbele linang'oka. Kuanzia hapo anajiona mbaya na akimuangalia binti yake anaona huo ubaya umeendelea. Wallahi ukisoma hizo peji kisha umfikirie msichana wa Kisauni amekaa na simu anapitisha sura yake kwa filta inayompunguza pua na kumuongeza weupe, utaona miaka inapita na somo ni lile lile.

Aliyenikera kuliko wote ni Geraldine, mama wa kipato, rangi ya maji ya kunde, nyumba yake inang'aa, anampaka mwanawe losheni asije akaonekana amepauka, na anamchagulia watoto wa kucheza nao, weusi wachafu hapana. Huyo tunaye. Tunaye mitaa yote, Kibokoni tunaye, Majengo tunaye, Nyali tunaye. Sisi watu wa pwani tuna maneno yetu, nywele za singa, nywele za kipilipili, fulani wa nasaba fulani si wa nasaba, na tukiyasema tunajifanya ni sifa tu za sura wakati mengi yametoka kwa habari za nani alikuwa mwungwana na nani alikuwa mtumwa. Kila siku tunapita Kengeleni na ile kengele ya Frere Town iko pale pale, mji uliowekwa 1875 wa watu waliookolewa utumwani, na bado mtu akileta posa atachunguzwa babu zake walitoka wapi. Kwa hivyo asiniambie mtu kwamba utumwa na rangi ni habari za Marekani.

Halafu yuko Claudia, mtoto mwenzake Pecola, ndiye anayetusimulia sehemu kubwa. Huyu akipewa mwanasesere wa kizungu wa macho ya buluu anamvunjavunja, anataka kuona ndani kuna nini hata watu wazima wote wampende. Si mambo ya kubuni tu, miaka hiyo hiyo ya 1940 Mamie Clark na mumewe Kenneth, wataalamu wa saikolojia, waliwapa watoto weusi wanasesere weupe na weusi wachague na wengi walimsifu mweupe, na utafiti huo ukatumika katika ile kesi ya 1954 huko Marekani iliyoharamisha kutenganisha shule kwa rangi. Mimi nilimpenda Claudia kupita wote. Tungekuwa na mmoja kwa kila nyumba zile krimu za zebaki za kujichubua, ambazo zimepigwa marufuku Kenya na bado zinafika nyuso za watoto wa sekondari, zingekosa wateja.

Sasa ubaya wake. Kitabu ni kifupi lakini si chepesi, masimulizi yanaruka kutoka kwa mtu mmoja hadi mwingine, na sura ya yule mganga anaitwa Soaphead Church kwangu ilikuwa ndefu mno. Kiingereza cha mazungumzo kitakusumbua mwanzo. Mwanzoni pia kuna maneno yamebanana bila nafasi wala nukta, msidhani ni kopi mbovu mkairudisha, imeandikwa vile makusudi kwa kufuata kitabu cha watoto cha kujifunzia kusoma. Na kubwa kuliko yote, baba anamnajisi Pecola na limeandikwa waziwazi, kwa hivyo mtoto wa darasa la nane usimpe, na mtu mzima aliyepitia hayo umwambie kabla hajaanza.

Lingine linalonisumbua, Pecola hapati sauti. Sisi tunaye Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarab wa Unguja, alitoka shamba, wakamcheka ukoo na sura, akajibu kwa kuimba, na alipokufa 1950 sauti yake ilikuwa imeshafika kwa santuri kila pahali pwani. Nilitamani Pecola apate hata ubeti mmoja wa kujibu, hakuupata, anaishia kuongea na rafiki wa mawazoni na akili imeshapotea. Najua Morrison alitaka iume, na kweli inauma, lakini msichana wa miaka 17 akikisoma peke yake anaweza kubaki na huzuni tu. Kisomeni wawili watatu, mama na binti, ama shoga zako, muwe mnazungumza.

Kazini kwangu kimebadilisha kitu. Fondeshoni sasa nachagua kwa kuipima shingoni na biarusi akiwa mbele ya kioo mwenyewe, na mama akisema ongeza weupe namuuliza biarusi anatakaje, jibu lake ndilo nafuata.

Kopi yangu niliipata kwa wauzaji wa vitabu vya mtumba mjini kwa bei ya sahani ya biriani, mpya itabidi uagizishe dukani. Mkiweza tafuteni toleo lenye maneno ya mwisho ya Morrison mwenyewe, aliyoyaongeza miaka ya 1990, anakubali pale kwamba wasomaji wengi waliguswa lakini hawakusukumwa kujihoji wenyewe, na anaeleza ni wapi anaona uandishi wake ulimshinda. Matoleo mengine hayana, fungua nyuma uangalie kabla hujalipa.