Maonyesho ya magemu ya wanachuo Mbeya: lori la Kitonga lilistahili kiingilio chote

Jumamosi ya mwisho ya mwezi Juni nilimpeleka binti yangu mwenye umri wa miaka 11 kwenye maonyesho ya magemu yaliyotengenezwa na wanafunzi wa chuo kimoja jijini Mbeya, mwendo mfupi wa bajaji kutoka Kabwe. Kiingilio kilikuwa shilingi 2,000 kwa mtu mzima na 1,000 kwa mtoto, na kwa fedha hiyo mgeni aliruhusiwa kucheza gemu lolote kati ya sita yaliyokuwapo mpaka achoke mwenyewe.

Nianze na kero. Tangazo lilisema saa tatu asubuhi, mlango ukafunguliwa saa nne na nusu, kisha tukakalishwa kusikiliza hotuba tatu ambazo ndani yake neno gemu nililisikia mara mbili. Kompyuta zote sita zilitegemea ekstensheni moja iliyotandazwa sakafuni, na mgeni mmoja alipojikwaa juu yake zikazimika zote kwa pamoja. Hapakuwa na hedifoni hata moja, hivyo honi, ngoma za vita na mlio wa kete vilichanganyika hadi mtu ashindwe kujua kipi kinatoka mezani kwake.

Gemu lililonirudisha mezani mara nne ni la lori linaloteremka Mlima Kitonga likitoka Iringa na shehena ya viazi. Waliolitengeneza ni vijana wawili wa mwaka wa pili, ambao mmoja wao baba yake ni dereva wa malori ya Tunduma, na jambo hilo linaonekana. Kila anayeshika pedi kwa mara ya kwanza hukanyaga breki na kuendelea kuikanyaga. Moshi mwembamba huanza kutoka kwenye magurudumu ya nyuma, mshale wa joto hupanda taratibu, na ifikapo kona ya tatu breki hazishiki tena na viazi vinamwagika korongoni. Hakuna maandishi yanayomweleza mchezaji alipokosea. Nilipoinama kumnong'oneza binti yangu, kijana mmoja akanizuia kwa adabu: “Samahani mzee, usimwambie. Mwache aanguke kwanza.”

Akaanguka mara tatu. Mara ya nne aliliacha lori limesimama juu mlimani, akaniuliza, “Baba, kwani huu mlima lori linaupanda na gia gani?” Nikamjibu kwamba likiwa na mzigo hupanda na gia namba mbili au hata moja. Akaweka namba mbili kabla ya mteremko kuanza, injini ikaanza kunguruma, na lori likateremka polepole huku breki akizigusa kwenye kona tu. Madereva hufundishana kwamba mlima huteremkwa kwa gia ile ile ambayo ungeupandia, kwa kuwa breki hugeuza mwendo kuwa joto na zikizidiwa hupoteza nguvu, ilhali injini iliyo kwenye gia ya chini hulizuia gari bila kuungua. Mtoto wangu aliligundua hilo kwa vidole vyake.

Niliwauliza kwa nini gemu lao halikugandaganda kama la meza ya jirani, ingawa kompyuta zilikuwa za aina moja. Walinieleza kwamba ili picha itiririke kwa fremu 60 kila sekunde, yaani picha tuli 60 zinazofuatana, kompyuta hupata takriban milisekunde 16 tu za kukokotoa na kuchora kila fremu, kwa hiyo waliijaza barabara ukungu mzito ili miti iliyo mbali isihitaji kuchorwa kabisa. Ukungu ule nilikuwa nimeusifu kama pambo. Injini ya gemu waliyoitumia, yaani programu ya kutengenezea magemu, ni Godot, ambayo ni ya bure na haidai mgawo wowote wa mauzo, na faili lake ni dogo kuliko la injini nyingine kama Unity au Unreal. Mwanafunzi anayeishi kwa bando la siku hawezi kulipuuza hilo.

Gemu la bao nalo linastahili maneno kadhaa, hasa kwa mtu aliyekulia barazani kama mimi. Mashimo 32 yapo, kete 64 zipo, nyumba zimechorwa za mraba kama inavyopasa, na kila mchezaji huanza na kete 22 mkononi. Mlio wa kete ulirekodiwa kwa komwe halisi, jambo lililonifurahisha kuliko nilivyotarajia. Hata hivyo, katika namua, yaani hatua ya kwanza ya kuingiza kete za mkononi ubaoni, gemu liliniruhusu kutakata, yaani kusambaza kete bila kula, ilhali nilikuwa na pa kula, na kwenye bao mwenye pa kula hana hiari. Nilipomwonyesha mtengenezaji, alifungua msimbo palepale, akarekebisha, na tulipoanza upya gemu likanikatalia. Kilichobaki ni mwendo: kete hudondoka moja moja na haiwezekani kuziharakisha, kwa hiyo zamu ndefu ya kusambaza kete inakupa muda wa kutosha kumaliza kikombe cha chai.

Gemu la Mkwawa, chifu wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, ndilo lililopendeza zaidi kwa picha na ndilo lililonikera zaidi. Vita vya Lugalo vya tarehe 17 Agosti 1891 vilikuwa vya kuvizia vichakani. Hapa vinapiganwa mbele ya ukuta wa ngome ya Kalenga, ambayo Wajerumani waliishambulia kwa mizinga mwezi Oktoba 1894. Jibu nililopewa ni kwamba ukuta unapendeza. Unapendeza kweli, lakini watoto wa Iringa watakaolicheza wanasoma historia hiyo shuleni. Magemu matatu yaliyobaki yalikuwa ya kuruka na kuokota sarafu, na moja liligoma kufunguka tangu asubuhi hadi tulipoondoka.

Watakaokwenda mwakani wafike saa tano, hotuba zikiwa zimekwisha, na wavae sweta, kwa sababu ukumbi ule una madirisha yasiyofungika. Ndizi za kuchoma zinauzwa nje ya geti kwa bei ya kawaida. Meza ya lori ilikuwa ya mwisho kushoto, na foleni yake ilipungua baada ya saa nane.