Farmall M la 1949 baada ya kuchongwa injini: uzoefu wangu

Ninaishi Iowa. Huku kiangazi kikiingia, kaunti zinaanza maonyesho yao ya kilimo, na maonyesho mengi huwa na mashindano ya kuvuta kwa trekta. Mimi nashiriki daraja la matrekta ya kale. Langu ni Farmall M la 1949, lililoundwa na International Harvester. Msimu uliopita nililijengea injini yenye nguvu zaidi kwenye karakana moja ya kuchonga injini, na hapa nasema kipi kilistahili hela na kipi ni mbwembwe tu.

Kwa wasioujua mchezo huu: trekta hufungwa mnyororo kwenye sledi, tela zito la chuma ambalo nyuma lina magurudumu lakini mbele linaburuza sahani chini. Juu yake kuna sanduku la uzito. Kadiri mnavyosonga, sanduku nalo linasogea mbele, mzigo unahamia kwenye sahani, na sahani inazidi kung'ang'ania udongo. Ukimaliza futi 300 umevuta yote. Mwanzoni hata trekta chovu linapita. Kazi iko mwishoni, mizunguko ya injini inapoanza kushuka, gavana (kifaa kinachodhibiti mizunguko) imeshaifungua kabureta yote na hakuna cha kuongeza. Hapo ndipo injini yangu ilikuwa inakata roho.

M lilitoka kiwandani na silinda nne zenye kipenyo cha inchi 3⅞, na pistoni inayosafiri inchi 5¼. Jumla ni inchi za ujazo 248, mizunguko 1,450 kwa dakika, na nguvu za farasi kama 36 kwenye puli ya mkanda. Mgandamizo, yaani kiasi pistoni inavyobana hewa na petroli, ulikuwa mdogo, chini ya 6 kwa 1, maana petroli ya enzi zile ilikuwa dhaifu. Raha ya injini hii ni kwamba slivu zake (mabomba ya ndani ya silinda) zinang'oka, na slivu za inchi 4 zinaingia kwenye bloku ileile. Ukizitia unapata inchi za ujazo 264, sawasawa na Super M, trekta lililokuja baadaye.

Nilinunua seti ya slivu, ringi na pistoni zile zenye kichwa kilichoinuka na kishimo katikati, zinazopandisha mgandamizo. Seti ni nzuri, sina neno. Fundi alizipima pistoni kwenye mizani, akakuta zimepishana gramu chache, akazipunguza nzito mpaka zote zikalingana.

Swali lake la kwanza ndilo lililonifanya nimwamini. Hakuuliza nina bajeti gani, aliuliza, "Daraja lako linaruhusu mwendo gani?" Letu lina kikomo cha maili 4 kwa saa. Mimi nilikuwa nimeshaipigia hesabu kemshafti kali (mhimili unaofungua vavu) inayosifiwa sana na wavutaji. Akanikatalia: "Hiyo itakupa nguvu kule juu kwenye mizunguko mingi, usikokwenda." Alinichongea ya wastani. Kwa daraja la mwendo wa taratibu, kemshafti kali ni kupoteza hela, na ningekuwa na uwezo ningewaambia hivyo vijana wote wanaozinunua kila mwaka.

Hela iliyoleta faida kubwa ni ya silindaheda, kifuniko cha juu ya silinda chenye vavu. Viti vipya vya vavu, vavu zenye upana zaidi kidogo, njia za hewa zikasafishwa na kulainishwa, na uso ukachongwa ukanyooka. Siku ya kuweka slivu nilisimama pembeni. Kila slivu inatakiwa ichomoze juu ya bloku elfu chache tu za inchi, na zote sawa, ili gasketi izibane vizuri. Alipitisha kipimo cha saa chenye sindano, tatu za kwanza zikasoma sawa, ya nne ikawa juu kupita kiasi upande mmoja. Wengi wangekaza boliti na kuomba Mungu. Yeye aliing'oa, akakuta punje ya kutu imelala kwenye ukingo inapokalia upande mmoja, akaikwangua, akairudisha na kupima upya.

Jambo jingine msilibanie hela: flaiwili, gurudumu zito linalozunguka nyuma ya injini. Ile ya M ni chuma cha kutupwa, na ukiizungusha kupita ilivyokusudiwa inaweza kupasuka ikatoka na miguu ya dereva. Yangu ilikaguliwa nyufa na kusawazishwa pamoja na krenkishafti, mhimili unaozungushwa na pistoni. Juu yake nikafunga kinga ya vyuma.

Sasa malalamiko. Karakana iliniahidi injini kabla ya msimu, ikanipa msimu umefika katikati. Simu hazipokelewi, ukienda mwenyewe unaambiwa "wiki ijayo." Kabureta niliagiza kwa muuzaji mwingine, eti imekarabatiwa upya, kumbe inamwaga petroli kupita kiasi. Moshi mweusi, plagi zimejaa masizi. Ilibidi nilipe tena kubadilishiwa jeti, vitundu vinavyopima petroli. Na kama bado mnatumia umeme wa volti 6, jueni starta itahangaika na mgandamizo mpya. Mimi nilihamia volti 12, koili na taa nikabadilisha zote.

Matokeo: mgandamizo wa silinda zote nne umekaribiana, mnamo paundi 145 kwa inchi ya mraba. Kwenye dainamomita, mashine ya kupima nguvu, kwa mizunguko 1,700 hivi kwa dakika, nguvu za farasi hazikufika 60 ila zilikaribia. Uwanjani, daraja la paundi 5,500, trekta sasa likibanwa linashuka mizunguko polepole na kuendelea kutembea, badala ya kuzimika ghafla kama zamani. Shemeji yangu wa mjini Moshi, Tanzania, nilipomtumia video aliniuliza, "Sasa shemeji, trekta zima hivyo na halilimi?"

Jumla, pamoja na kabureta na umeme, imenitoka kama dola 4,500. Petroli natumia ya oktani 91, na boliti za heda nilizikaza tena baada ya injini kupata moto na kupoa. Karakana naipa nyota nne kati ya tano. Ile ya tano nitawapa siku watakapopokea simu.